Silinda Saba na Mafuta ya Nyonyo

Sisi wasusi tuna tabia moja ambayo wateja hawaijui. Mafuta ya nyonyo yakitoka kwa anayeyachemsha huwa mazito mno, yananata vidoleni, na ukimpaka mtu kichwani anafika kwake amebeba vumbi lote la barabara ya Shinyanga. Kwa hiyo tunayapunguza. Mimi huchanganya vikombe viwili vya nyonyo na kimoja cha mafuta ya alizeti, haya haya ya kupikia, natikisa, naweka dumu chini ya kioo, na mteja akiuliza namwambia ni nyonyo. Nywele hazijawahi kunilalamikia.

Nimeanza na hilo makusudi, ili mtu asije akanionea huruma huko mbele kabla hajajua nilichofanya.

Marehemu baba yangu alikuwa mkereza vyuma. Mashine yake ya kukereza ilikaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, Mkolani, katikati ya mawe mawili makubwa ambayo babu alishindwa kuyavunja, akaamua kuyafanya kuta. Vingi vilivyozunguka katika mji huu vilipita mikononi mwake: shafti za boti za uvuvi, rola za mashine za kuchambua pamba, vyuma vya pampu za visima. Ukimletea kitu kilicholika alikipapasa kwanza kwa kidole gumba, akakwambia kimepungua kiasi gani, ndipo akachukua kifaa cha kupimia. Mara nyingi kidole na kifaa vilikubaliana. Hilo tu ndilo alilojivunia waziwazi. Mengine yote alimwachia mama ajivunie kwa niaba yake.

Lakini mapenzi yake ya kweli yalikuwa injini za ndege. Ujanani, kabla hajaoa, alifanya kazi uwanja wa ndege kama msaidizi wa fundi aliyehudumia ndege ndogo za kupulizia dawa mashamba ya pamba. Ndege zenyewe zilikuwa kuukuu hata wakati huo. Silinda za injini zake hazikusimama mstari mmoja kama za gari, zilipangwa kwa duara, kama spoki za baiskeli zinavyozunguka kitovu chake. Baadaye ndege hizo ziliondoka, zikaja za kisasa, baba naye akaondoka kwenda kukereza shafti za boti. Ila alizitaja zile injini maisha yake yote, kama wengine wanavyotaja shule waliyosoma.

Tukiwa mezani alitufundisha historia ambayo hakuna aliyemwomba. Alisema ndege za kale zaidi, za wakati wa vita vya Mjerumani, zilikuwa na injini ya ajabu kuliko hizo alizozishika yeye. Shafti ilifungwa kwenye mwili wa ndege isicheze, na injini nzima, silinda zote pamoja na panga la mbele linalovuta ndege, ndiyo iliyozunguka. Ilijipoza kwa upepo wake yenyewe. Petroli ilipitia kwanza tumboni mwa injini ndipo ikafika kwenye silinda, na hapo ndipo penye shida, maana petroli huosha mafuta karibu ya kila aina. Nyonyo peke yake ndiyo iliyokataa kuoshwa. Basi injini ikanyweshwa nyonyo, ikawa inaitema huku inazunguka, na rubani aliyekaa nyuma yake akaivuta kwa pua na mdomo safari nzima.

"Wakawa wanaharisha," baba alimalizia kila mara, kwa uso wa mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Ndiyo maana vita viliisha," mama alimjibu kila mara, na baba alicheka kila mara.

Kisha uzee ukaanza kubisha hodi. Asubuhi mikono yake ilitetemeka kidogo mpaka anywe chai. Siku moja rola aliyoikereza ilirudishwa kwa sababu ilizidi unene, si sana, kiasi cha unywele. Aliirekebisha siku hiyo hiyo. Lakini kijana aliyeileta alimwambia, bila ubaya wowote, "Mzee, shikamoo, lakini labda ungepumzika sasa." Baba aliitikia marahaba, akamkabidhi rola yake.

Wiki iliyofuata alikuja rafiki yake wa siku nyingi, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake umeuza vipuri hapa mjini tangu enzi za babu yake. Alikuja na kitabu cha zamani chenye michoro ya injini ile inayozunguka yenyewe, kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni. Nilikuwa nawamiminia chai nikamsikia baba akisema, "Nitaitengeneza ndogo, ya ukubwa wa sahani. Silinda saba. Nataka kujua kama mikono hii bado ni yangu. Ikizunguka, najua. Isipozunguka, nafunga kibanda."

Ilimchukua miaka sita. Tumbo la injini alilimimina kwa alumini ya pistoni kuukuu za malori, aliyoiyeyusha mwenyewe kwenye mkaa na kuimwaga ndani ya mchanga wa ziwani aliouchekecha kwa chujio la chai la mama. Lile chujio halikurudi jikoni tena, na mama alilidai mpaka akachoka. Fito za kusukuma vali zilikuwa spoki za baiskeli. Silinda alizikereza kutoka kwenye shafti ya boti iliyozama, na kila moja ilikuwa na mapezi membamba ya kupozea, membamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha yalitoa sauti. Alizitengeneza silinda kumi na tisa apate saba zilizomridhisha. Plagi ndogo peke yake ndizo ambazo hakuzitengeneza. Rafiki yake aliziagiza kwa mpwa wake aliye ng'ambo.

Mwaka ule wa sita, mikono ilikuwa inatetemeka hata baada ya chai, lakini ilipogusa chuma ilitulia. Niliona mwenyewe. Ilikuwa inatulia kabisa.

Ilipobaki kujaribu, aliniita. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Mayu, nataka nyonyo. Chupa moja tu. Usinunue sokoni, huko wanachakachua. Nenda kwa yule mama wa Kisesa anayekuchemshia wewe, uyachukue kwenye chungu chake."

Nikasema sawa baba. Nilikuwa na wiki nzima ya kwenda Kisesa.

Sikwenda Jumatatu, sikwenda Jumanne, na siku nyingine mtu hazikumbuki kwa sababu hakufanya kitu. Ijumaa, siku moja kabla ya jaribio, saluni yangu ya Buhongwa ilijaa. Bibi harusi alikuja na wasindikizaji wake watano, wote wa kusukwa, na mama mkwe mtarajiwa amekaa mlangoni anahesabu mistari ya nywele kama askari. Nikajiambia nikimaliza kichwa cha tatu nitakwenda. Nikajiambia cha nne. Jua lilipoanza kushuka nilichukua chupa ya maji iliyokwisha, nikaisuuza, nikaikausha vizuri, nikamimina kutoka kwenye dumu langu la chini ya kioo. Niliwaza kwamba theluthi mbili ni nyonyo halisi ya Kisesa, basi hiyo ni kama nyonyo tu. Historia yote ile ya mezani, petroli inayoosha mafuta, nimeisikia tangu nikiwa na meno ya utoto, na haikunijia kichwani hata kidogo. Mtu anaweza kusikia jambo miaka thelathini bila kulisikiliza.

Nilipofika nyumbani baba aliinua chupa kwenye mwanga. Hakuinusa, maana pua yake iliuawa na ugoro zamani. Alidondosha tone moja kwenye kidole gumba akalisugua.

"Mepesi kidogo haya," akasema.

"Ni joto, baba. Yamekaa juani kwenye gari."

"Umekwenda mwenyewe?"

"Nimekwenda."

"Hajayachanganya yule mama?"

Nilimtazama usoni. "Safi, baba."

Alisugua tena, kisha akafuta kidole kwenye suruali na kufunga kizibo. Kidole chake kilimwambia ukweli, na yeye akaniamini mimi.

Jumamosi asubuhi tulikusanyika mbele ya kibanda: mama, mimi, yule mzee wa Kihindi aliyevaa suti kana kwamba anakwenda kupokea mgeni wa serikali, na majirani wachache. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua alikuwa anakaanga mandazi yake ya biashara kama kila siku. Injini ilikuwa imefungwa kwenye jiriwa, kile kibano cha chuma cha mezani, na panga lake la mbao lilikuwa fupi kuliko mkono wangu. Baba alilisukuma kwa kidole. Ikakohoa. Akasukuma tena, ikakohoa na kutema moshi. Mara ya tano ikashika.

Sijui nieleze vipi. Kitu kizima kilizunguka, silinda zote saba, mpaka hukuona silinda tena, uliona duara la fedha lililosimama hewani. Sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyotegemea. Upepo wake ulipeperusha khanga ya mama, naye akaishika kwa mkono mmoja na mwingine ameuziba mdomo. Yule mzee wa Kihindi alivua miwani. Na baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheza muziki hata kwenye harusi yangu, aliinua mikono yote miwili mbele ya uso wake akaitazama, mbele na nyuma, anacheka. Ilikuwa imetulia.

Ndipo nikasikia harufu ya chipsi.

Majirani walisikia harufu ya kukaanga wakadhani ni mandazi ya ng'ambo ya ua. Mimi nilijua. Mama wa mandazi anatumia mafuta ya pamba, na mimi najua harufu ya alizeti iliyoungua kama ninavyojua ya nyumbani kwangu. Ilikuwa inatoka mbele yangu, kwenye lile duara. Hapo historia yote ya mezani ikanijia kwa mkupuo mmoja, neno kwa neno, imechelewa siku moja.

Nilikuwa na muda wa kusema "Baba, zima." Ni maneno mawili. Lakini ningeulizwa kwa nini nizime, mbele ya majirani na mbele ya mtu aliyevaa suti, na ningelazimika kusema kwamba sikwenda Kisesa. Nikanyamaza. Naandika hili nikiwa na hasira bado. Aibu ya kuonekana mvivu ilinifunga mdomo huku miaka sita ya baba yangu inakaangwa kama kiazi.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba, kisha kitu kikagonga ndani mara moja na duara likasimama ghafla. Jiriwa ilitikisika mpaka meza ikasogea. Watu walipiga makofi, wakidhani ndiyo mwisho wake.

Baba aliifungua mchana ule ule. Pistoni tatu zilikuwa zimeng'ang'ania silinda, mkono wa moja umepinda, na tumbo la alumini limepasuka kuanzia upande mmoja mpaka mwingine. Rafiki yake alisogea karibu naye, akauliza taratibu, "Fundi, mafuta ulipata wapi?"

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe.

"Binti yangu ameyafuata Kisesa mwenyewe," baba akajibu. "Huko tusitafute."

Akachukua kifaa chake cha kupimia, akapima silinda zilizobaki, akaandika, akapima tena. Jioni akatuambia amepata kosa. Ameacha nafasi ndogo mno kati ya pistoni na silinda, chuma kikapata joto kikatanuka kikashika. "Ni mimi," akasema. "Mikono imenidanganya."

Kwetu mzee haambiwi kwamba amechoka, kama vile mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Mzee akikosea, watu wa nyumbani hutafuta kitu kingine cha kulaumu, na wakikikosa hukitunga. Ni heshima, na kila mtu anajua ni uongo, pamoja na mzee mwenyewe. Basi kila mmoja akaleta wake. Mama alisema petroli ya siku hizi imechakachuliwa. Baba akamwambia ameichuja na kuipima mwenyewe. Yule mzee wa Kihindi alisema alumini ya malori imechanganywa vyuma vingi. Baba akasema tumbo limepasuka baada ya pistoni kushika, si kabla. Majirani walisema ni jicho la mtu. Wote aliwasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akasema, "Asanteni. Mnanipenda."

Na mimi, mwenye neno la kweli peke yangu katika kundi zima lile, nilisema, "Bahati mbaya tu, baba."

"Asante, mayu," akanijibu.

Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kusema. Siku nzuri ya jambo kama hilo haipo, lakini nilikuwa naisubiri. Wiki ya tatu nilikwenda kwao nikakuta injini haipo. Alikuwa amelipeleka tumbo na pistoni kwa vijana wanaoyeyusha alumini za kutengenezea sufuria, na vyuma akavigawa. Hata ile chupa ya mafuta, mama alishaichoma na takataka. Mashine ya kukereza alikuwa ameifunika turubai na kulifunga kwa kamba mafundo manne. Kibanda alikifunga kama alivyosema.

Baada ya hapo aliacha kutumia mikono yake, na si kwa sababu ilikataa. Alimpa mama redio amtafutie stesheni. Kucha alikatwa. Mtu akimletea kufuli limekwama, mtu ambaye hakuwa na habari, alimwelekeza kwa vijana wa Buhongwa bila hata kulitazama. Kutetemeka kukazidi, nami nilikuwa nikimwangalia nikijiuliza kama ni uzee kweli au ni kwamba hakuna chuma tena cha kuituliza mikono. Kuna siku nilimkasirikia yeye. Nilimkasirikia kwa kuniamini, na kwa kuacha kidole chenye uzoefu wa miaka hamsini kishindwe na mdomo wa msusi. Ndivyo mkosaji anavyofikiri akikaa na kosa lake muda mrefu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Nilimwambia Jumapili moja asubuhi, mama akiwa ametangulia kanisani. Nilikuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nikapiga magoti sakafuni nikasema yote. Nilimwambia kuhusu bibi harusi na vichwa sita, dumu chini ya kioo, vikombe viwili kwa kimoja. Nilimwambia kuhusu harufu, na kwamba ningeweza kusema "zima" na sikusema. "Nafasi uliyoiacha ilikuwa sahihi, baba. Kidole chako kilikuwa sahihi. Mikono yako haikukosea kitu. Ni mimi niliyeiua ile injini." Nilikuwa nalia kiasi kwamba mengine ilibidi niyarudie.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Niliposikia ukimya ule nilianza kuogopa kabla hata hajafungua mdomo, kwa sababu niliutambua.

"Umeifikiria muda mrefu hiyo," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Ni nzuri kuliko zote. Ile ya petroli ya mama yako haikuwa na kichwa wala miguu. Hii yako ina kila kitu, mpaka harufu."

"Baba, ni kweli. Haki ya Mungu ni kweli."

"Usiape siku ya ibada kwa ajili ya mzee."

"Muulize mama wa Kisesa! Muulize kama nilikwenda kwake wiki ile!"

"Nimsumbue mtu wa watu kwa jambo la zamani?" Aliniwekea mkono kichwani, nikausikia unavyotetemeka kwenye nywele zangu. "Mayu, mimi nimekulea. Siku ile nilikuuliza, ukanitazama usoni ukasema ni safi. Wewe huwezi kunidanganya hivyo. Leo ndiyo unanidanganya, na najua kwa nini. Asante. Nimefarijika."

Nilisema tena. Nilisema mara tatu, na kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kunibembeleza, mpaka nikaona nampa kazi ya kunituliza mimi, nikanyamaza. Kengele ya kanisa ilikuwa imeanza. Baba alisimama akanigeukia, shati lake jeupe liko wazi kifuani.

"Haya, nifungie vifungo tusichelewe," akasema, akaiachia mikono yake pembeni, akaningoja.